Koti la Naomi

Mwanzoni mwa mwezi wa saba mama mkwe wangu alinipigia simu kutoka kwao, juu ya Maji ya Chai, akaniambia nisisahau kuja na koti la Naomi. Nikamjibu, "Sawa, Mama." Koti lenyewe sikuwa nalo. Hiyo ndiyo sababu ya safari yangu ya Arusha, na ninaisema mapema msije mkadhani nilikwenda kutembea.

Naomi alikuwa mke wangu. Alifariki mwaka jana hapa Singida na tukamzika hapa. Wiki tatu kabla ya hapo mama yake alikuwa ameanguka akavunjika nyonga, kwa hiyo hakuweza kusafiri. Walikuja shemeji yangu Elisante na ndugu wachache, wakazika, wakarudi. Katika ukoo wao, binti akifia mbali na kuzikwa mbali, nguo yake moja ya kutokea hurudishwa kwa mama yake unapotimia mwaka. Mama huivaa siku ya ibada ya kumbukumbu, na baada ya hapo inakuwa yake. Mimi sikulijua jambo hilo. Kwetu nguo za marehemu hugawiwa mapema, na wa kwanza kuchagua ni yule aliyemuuguza. Aliyemuuguza Naomi ni jirani yetu Mama Zuhura. Alichagua koti la kijani, nikampa, na miezi michache baadaye akahamia Tabora kwa binti yake. Kitu ulichompa mtu kwa shukrani huendi kukidai.

Basi nikawaza. Koti lile Naomi alilinunua kwenye mitumba, hukohuko Arusha, kabla sijamwoa. Palipotoka moja huenda pakatoka jingine. Ningekwenda siku chache kabla ya ibada, nitafute linalofanana nalo. Kama ningesema ni jingine au ningenyamaza, hilo sikuliamua. Nilijiambia kwanza lipatikane.

Jumatano, saa kumi na mbili asubuhi, basi liliondoka Singida. Katesh tulipita Mlima Hanang ukiwa umeanikwa juani, kila mkunjo unaonekana. Babati tulikunywa chai haraka haraka. Toka Makuyuni nilihesabu ng'ombe mpaka usingizi ukanichukua, na nilipoamka kioo cha dirisha kilikuwa na manyunyu na abiria wote wamevaa masweta. Hapo nikajua tumekaribia.

Mwenyeji wangu alikuwa Kalisti, Mchaga wa Rombo ambaye tulitengeneza baiskeli pamoja Singida tukiwa vijana. Siku hizi ana kibanda cha viatu Ngarenaro. Alinipokea stendi, akanyoosha kidole kwenye wingu zito akasema, "Mlima Meru ule pale." Sikuona mlima wowote, lakini ni mtu ninayemwamini.

Jioni, kwenye chakula, niliwaeleza yeye na mkewe, Mama Doreen, nilichofuata.

"Mangi, koti la kike," Kalisti alisema, akiniita chifu kwa mzaha wa Kichaga. "Umesafiri siku nzima kufuata koti la kike. Hapa mtaani usilitaje kwa sauti."

"Mwache shemeji ale," mkewe akamwambia. Kisha akanigeukia. "Alikuwa na ukubwa gani, shemeji?"

Nikaonyesha kidevu changu. "Alinifika hapa."

"Huo ni urefu. Mabega je?"

Tuliishi pamoja miaka kumi na tisa na sikuweza kumjibu. Nilichokumbuka ni kwamba koti lile nililivaa mara moja kwa mzaha, na mikono ikaishia vidole vinne juu ya kifundo cha mkono wangu. Mama Doreen akasema hicho kinatosha kuwa kipimo. "Utayavaa mwenyewe moja moja. Likiishia hapo, ndilo."

Mengine niliyajua vizuri. Lilikuwa la sufu nzito, kijani cha jani la mgomba lililokomaa, kola ya duara, vifungo vikubwa vinne. Vitatu vilikuwa vyeusi. Cha nne kilipotea, na Naomi akaweka cha kahawia alichokitoa kwenye koti langu kuukuu.

Alhamisi ni siku ya soko Ngaramtoni. Nilifika saa tatu. Wafugaji walikuwa wanashusha mbuzi upande mmoja, upande wa pili nguo zimemwagwa juu ya maturubai, na kijana mmoja amesimama katikati ya lundo la makoti akiimba, "Chagua, chagua, baridi haina undugu." Nikaanza kazi. Navaa, natazama mkono, navua. Navaa jingine.

"Braza, hilo la kike," kijana akaniambia.

"Najua."

"Jamani, anajua," akawatangazia wenzake.

Pembeni aliketi bibi mmoja wa Kiarusha, shanga shingoni, akiuza ugoro. "Baba, geuka tuone na nyuma," akasema. Nikageuka. Bibi akatikisa kichwa. "Linakukataa makalioni."

Watu wakacheka, na mimi nikacheka nao. Nilijisikia nikicheka na kwa muda kidogo nikashindwa kujua sauti ile ni ya nani.

"Sasa mzee," kijana akauliza, "ni la mama watoto au la yule mwingine?"

"La mke wangu. Ni marehemu."

Kijana alivua kofia. Akashuka kwenye lundo. "Shikamoo, mzee," akasema, maana salamu ilikuwa bado haijatoka. "Pole sana." Kisha akapiga mluzi, na wauza makoti wa mstari mzima wakaambiwa mzee anatafuta la kijani. Niliona watu wazuri siku ile. Waliniletea kijani cha jeshi, kijani cha bahari, kijani ambacho kwa macho yangu kilikuwa bluu, na mmoja akaniletea suruali, akisema kitambaa chake ni kizuri hata kama si koti. Nilijaribu yote isipokuwa suruali. Hakuna lililokuwa lenyewe.

Bibi wa ugoro alinipa kigoda nikae. "Zamani tuliziita kafa ulaya," akasema akizigusa nguo kwa fimbo. "Tulisema wenyewe wamekufa huko Ulaya, ndiyo maana zinauzwa. Waliokufa wengi namna hii na nguo hazijaisha. Utalipata, baba."

Kijana naye akaniambia la maana zaidi. Makoti mazito ya akina mama hayasubiri mpaka yafike Ngaramtoni. Huchukuliwa mjini, soko la Kilombero, marobota yanapofunguliwa asubuhi. "Uwe umefika saa kumi na mbili kamili. Ukichelewa utakuta skafu."

Ijumaa nilifika nusu saa kabla. Tulikuwa kama watu ishirini, wengi wao wanawake wenye biashara zao, tumelizunguka robota moja lililofungwa kwa mikanda ya plastiki, kubwa kama jokofu. Hakuna aliyesukuma. Mwenye mzigo akatoa kisu, akakata mkanda wa kwanza, wa pili, wa tatu. Robota likajikunjua lenyewe kama mkate uliokosa bati, na utulivu wote ukaisha hapohapo.

Pale pana sheria, na mimi sikuijua. Ukishika nguo unaikumbatia kifuani, unatoka nayo nje ya duara, ndipo unaitazama. Mkono wangu uliingia ukakutana na sufu nzito. Nikavuta. Ilikuwa kijani, kola ya duara. Nikafanya kile ambacho mtu wa Singida hufanya akiona kitu kizuri: nikakiinua juu kwenye mwanga, mikono miwili, nikitazame. Kilitoweka. Nilibaki nimeinua mikono kama mtu anayebarikiwa.

Aliyelichukua alikuwa mwanamke mnene mwenye kilemba chekundu, na alikuwa tayari anaondoka. Nilimfuata mpaka kwenye kibanda chake. Hakikuwa kibanda cha kawaida. Humo mlikuwa na vitu vya zamani tu: mikoba midogo ya ngozi inayofungwa kwa kubana, kofia za akina mama za kwendea kanisani miaka ile, mikanda mipana, glavu za mkono mmoja mmoja zinazongojea wenzake, magauni yenye mikono ya puto. Jina lake lilikuwa Upendo, Mmeru wa Tengeru, na wateja wake walikuwa maharusi na wasichana wanaopenda kupiga picha wakifanana na bibi zao.

"Dada, lile koti nililishika mimi."

"Ulilishika au ulilitazama?" akauliza bila kugeuka. "Pale anayetazama hajashika."

Nilimwomba nilivae tu. Mikono ikaishia vidole vinne juu ya kifundo. Nikamweleza habari yote, pamoja na ile "sawa" ya kwenye simu. Upendo akasikiliza akikunja kofia, na nilipomaliza akavuta kopo la maziwa ya unga lililojaa vifungo.

"Hili lina vya dhahabu. La kwake vilikuwaje?"

Nikamwambia. Akakata vya dhahabu, akashona vyeusi vitatu, kisha akamwaga kopo mezani tukatafuta cha kahawia pamoja. Alikuwa fundi kwelikweli. Aliuliza koti lilikuwa limechakaa wapi, nikasema viwiko, akasugua viwiko kwa jiwe la kusugulia miguu mpaka sufu ikalala. Hakuuliza kama nataka, na mimi sikumzuia. Tena nilimsaidia. Nilimwambia, "Cha kahawia kilikuwa cha pili kutoka juu, na uzi wake ulikuwa mweupe."

Alipomaliza akalitundika. Nilitazama nikaona aibu kwa jinsi lilivyofanana.

"Mama mkwe wako akitambua kuwa si lenyewe, lirudishe nikupe hela yako," Upendo akasema kwa majivuno. Nililipa elfu ishirini bila kuomba kupunguziwa, na nadhani alisikitika kidogo kwa kukosa mabishano.

Ngarenaro jioni ile nililining'iniza kwenye msumari wa Kalisti.

"Umemaliza kazi," Kalisti akasema. "Kesho unampa, unanyamaza. Mama wa watu anafurahi, wewe unakula ndizi."

"Na akifurahia uongo?" Mama Doreen akauliza.

"Furaha haina kiraka. Akifurahi amefurahi."

"Wewe unauza viatu vyenye viraka maisha yako yote."

"Na wateja wanafurahi."

Walibishana mpaka wali ukapoa. Hakuna aliyeniuliza mimi, na nilishukuru.

Jumamosi, saa nne, nilishuka Maji ya Chai. Pikipiki ikanipandisha kwenye njia ya udongo, migomba na kahawa kila upande, na kadiri tulivyopanda ndivyo nilivyoelewa kwa nini Naomi alikuwa na koti zito akiwa msichana. Wingu lilikuwa limefunguka. Mlima ulikuwa karibu kuliko nilivyotarajia, mweusi na mpana, ukituangalia kama mtu aliyekuwa chumbani muda wote huo.

Elisante alinipokea langoni. Mama mkwe alikuwa ameketi uani na majirani wawili, fimbo magotini.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, baba. Umekonda. Huko Singida mnakula nini, upepo?"

Walinipa loshoro, chakula chao cha mahindi na ndizi kilichopondwa kwa maziwa ya mgando, na hakuna aliyetaja koti mpaka nilipolamba kijiko. Hapo nikamtolea, kwa mikono miwili, nikarudi kukaa mbali kidogo kama inavyompasa mkwe.

Mama alilipapasa viwiko. Akaingiza mkono mmoja, kisha wa pili, na akasimama. Majirani wakasema, "Naomi mtupu." Vidole vyake vilishuka kwenye vifungo, kimoja, cha pili, vikasimama. "Hiki alinisimulia," akawaambia. "Alisema, Mama, kifungo kimepotea, nimeweka cha mume wangu. Ndicho hiki." Akakishika kwa vidole viwili. Ndipo nilipoona kwamba amesimama bila fimbo.

Kusema kweli, Kalisti alikuwa sahihi kuhusu furaha. Sikuwahi kuona furaha ya namna ile, na nilikuwa naiangalia kama mwizi anavyoiangalia nyumba.

"Mama," nikasema, "hilo si la Naomi."

Nikaendelea kabla sijaogopa zaidi. Nilisema nimelinunua jana Kilombero. Nilisema vifungo vimeshonwa jana, na kwamba mahali pa cha kahawia nilipaonyesha mimi mwenyewe. Nilisema la Naomi nililigawa kwa kutojua desturi yao, na kwenye simu nilisema sawa kwa sababu niliona haya.

Mama alikaa. Akavua koti taratibu, akaliweka magotini. Elisante alianza kusema kitu, mama akamnyamazisha kwa kiganja.

"Leteni wembe," akasema. Jirani akaleta. Mama akaninyooshea. "Kitoe hicho."

Nilikata uzi mweupe. Kifungo kikabaki mkononi mwangu, na hakukitaka.

"Uliyempa ni nani?"

"Anaitwa Mama Zuhura. Ni jirani. Alimuuguza miezi minne."

"Ndiye aliyemwosha?"

"Ndiye."

"Alikuwa naye siku ile?"

"Alikuwa naye, Mama. Mimi nilifika baadaye."

Alilikunja koti lile magotini. Mwaka mzima tulikuwa tukizungumza kwenye simu juu ya mvua, nyonga yake na bei ya mahindi. Mkwe hamsimulii mama mkwe habari za kitandani kwa mgonjwa, na mama mkwe hamwulizi mkwe. Hivyo hakuna mtu yeyote aliyekuwa amemwambia binti yake aliondokaje.

"Nipigie huyo mama," akasema.

Nilipiga. Nikamwambia Mama Zuhura ni nani anayetaka kusema naye, nikampa mama simu, nikatoka nje ya uzio maana hapakuwa mahali pangu. Elisante akaja kusimama nami. Mwanzoni tulisikia kilio. Mimi nilitazama mlima. Salio likaisha, Elisante akashuka dukani kununua vocha, na aliporudi likaisha tena, akashuka tena. Mara ya tatu tulisikia kicheko, cha mama, kirefu.

"Wanacheka nini?" nikauliza.

"Mama Zuhura anasema Tabora kuna joto kama tanuri," Elisante akajibu akitega sikio, maana mama alikuwa akiwarudia majirani kila neno. "Mama anauliza sasa koti analifanyia nini. Anaambiwa analivaa hivyohivyo siku ya Idi, jasho linamtoka, na haruhusu mtu aseme neno."

Jumapili ibada ilikuwa hapohapo uani. Mama alivaa koti la Kilombero likiwa na vifungo vitatu na nafasi moja tupu. Waliomsifia aliwajibu wote sawasawa: "Hili nimeletewa na mkwe wangu. La Naomi lina mwenyewe, yuko Tabora." Mzee wa kanisa alipofika kwenye maombi, mama alimnong'oneza, na Mama Zuhura, ambaye ni Mwislamu na hajawahi kufika Meru, akaombewa kwa jina. Watu wakaitikia amina kwa nguvu. Baada ya hapo tulikula nyama na ndizi, na majirani wakanifanya nisimulie mara tatu jinsi nilivyoinua koti juu mikono mitupu ikabaki hewani.

Jumatatu, kabla ya basi, nilipita kwa Upendo.

"Alitambua?"

"Hapana. Nilimwambia mwenyewe."

Aliweka mkasi chini. "Kazi yote ile, mzee. Na viwiko nilivyovisugua."

"Alisema aliyeshona kifungo kile ni fundi, ila yeye asingemwachia mtu huyo kuku wake."

Upendo alicheka mpaka akashika meza. Akanichagulia kofia ya zamani ya kiume, ya ukingo mfupi, akanivalisha mwenyewe na kusema sasa nafanana na mtu anayejua soko. Nikailipia, safari hii tukibishana vizuri mpaka akaridhika.

Jumanne nilifungua banda langu la baiskeli kama kawaida. Mkiniuliza nilichojifunza, kipo cha kawaida na kipo kingine. Cha kawaida ni hiki: kwenye robota kumbatia kwanza, utatazama baadaye. Kingine ni kwamba nilidhani mama mkwe ananidai nguo, kumbe alikuwa anamtafuta mtu wa kumsimulia, na mtu huyo nilikuwa na namba yake mfukoni mwaka mzima. Sasa wanapigiana kila Jumapili, na hawaniambii wanachozungumza.

Wiki iliyopita na mimi nilimpigia Mama Zuhura. Nilifunga banda kwanza, nikakaa. Nikamwambia saa zile nilikuwa kazini, sikujua kitu, anisimulie na mimi. Akasema, "Baba, nilikuwa nakungoja uulize," akaanza tangu asubuhi ya siku ile.